Kushika kitu chini ya bahari, tatizo ni vidole

Umeuliza kwa nini wanaotaka kuokota viumbe chini ya bahari wasichukue tu mkono wa roboti wa kiwandani wakauziba vizuri wakauzamisha. Asee presha kwanza, kila mita 10 unazoshuka inaongezeka karibu sawa na ya hewa yote ya huku juu, na maji yatapenya pale pale shafti ya mota (ile fimbo inayozunguka) inapotokea, ndo maana mota nyingi za kina kirefu zinajazwa mafuta ili ndani na nje zilingane.

Ila mi naona ugumu wenyewe uko kwenye vidole, chuma kinasaga matumbawe laini kabla hata hujajua umeshagusa. Mwaka 2015 Robert Wood, mhandisi wa roboti wa chuo kikuu cha Harvard, na David Gruber, mtaalamu wa viumbe vya baharini, walienda Bahari ya Shamu na vidole vya mpira vinavyojikunja vikisukumiwa maji, wakashuka zaidi ya mita 100 na kuokota viumbe vikiwa vizima. 2019 timu ya Harvard ikatoa vingine bapa kama tambi pana, silikoni yenye nyuzi nyembamba upande mmoja ambao hauvutiki, kwahiyo maji yakiingia kidole kinajipinda chenyewe kumzunguka yavuyavu bila kumminya, nzuri sana ile.

Ukitaka kujaribu kidole kama hicho nyumbani, kisukumie maji kwa bomba la sindano, sio hewa maana hewa inabanwa na kina, halafu shika yai ndani ya ndoo, likitoka zima ongeza kitu laini zaidi.