Toa presha kwanza: kubadilisha filta ya petroli nyumbani

Hapa Nairobi, ukitoka Westlands ukashika Waiyaki Way kuelekea Kangemi, barabara inapanda taratibu, na gari zima hupanda pale bila hata kushusha gia. Langu liligoma hapo. Ni Toyota 110 yenye injini ya 5A, na kwa wiki tatu lilikuwa likinifanyia jambo lile lile. Kwenye foleni ya mjini linatembea vizuri, likisimama injini inanguruma kwa utulivu, lakini nikikanyaga mafuta mlimani linashikwa na kwikwi. Linavuta, linaachia, linavuta tena. Siku hiyo lori la mchanga lilikuwa nyuma yangu likipiga honi, nami nimekanyaga hadi chini na mshale haupiti 40.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi. Tukabadilisha zote nne. Kisha waya za plagi, kisha kifuniko cha distributa. Kila mara gari lilipata nafuu ya siku mbili, au nilijipa moyo tu kwamba limepata, halafu kwikwi inarudi. Safari ya nne akaniambia, "Bosi, hapa pampu imechoka. Tafuta nyingine." Nilipoulizia bei ya pampu nilikaa chini. Usiku nikampigia mjomba wangu, aliyeendesha malori njia ya Mombasa kwa miaka mingi. Hakuniuliza kuhusu pampu. Aliniuliza, "Mwanangu, filta ya petroli mmeibadilisha lini?"

Sikujua. Fundi naye hakujua. Aliyeniuzia gari nilipompigia alinyamaza kidogo, kisha akasema tangu alinunue hajawahi kuigusa.

Dalili zenyewe zilikuwa zikisema wazi, ila hatukuzisikiliza. Plagi mbovu kwa kawaida hutikisa injini hata gari likiwa limesimama. Filta iliyoziba hupitisha petroli ya kutosha injini ikiwa haina kazi kubwa, na ni pale unapodai nguvu, mlimani au unapotaka kumpita mtu, ndipo petroli haifiki. Ukiona hivyo, anza na filta kabla hujaifikia pampu. Fundi mwenye geji ya presha anaweza kukupimia ukahakikisha. Na pampu inayosukuma dhidi ya filta iliyoziba huchoka mapema, kwa hiyo kuchelewa kununua kifaa cha bei ndogo ndiyo njia ya kujiletea gharama ya kile kikubwa.

Kabla hujanunua chochote, jua filta ya gari lako iko wapi. Kwenye 110 yangu iko ndani ya boneti, kopo la chuma lenye ukubwa wa kopo dogo la maziwa, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Magari mengine wameifunga chini ya gari, kando ya tangi. Lakini magari mengi yanayoingia siku hizi kutoka Japani, yakiwa ndani ya ule umri wa miaka minane tunaoruhusiwa, filta yao iko ndani ya tangi pamoja na pampu. Vitz, Fielder na ndugu zao wengi wako hivyo. Unainua kiti cha nyuma, unakuta kifuniko, na chini yake ni tangi lenyewe. Hiyo sikushauri uifanye nyumbani kama hujawahi kusimamiwa na mtu anayeijua. Ukifungua tangi, mvuke wote unapanda ndani ya gari, mahali usipoweza kuukimbia. Mpelekee fundi, tangi likiwa limebaki na petroli kidogo, na usimame uone akifanya.

Dizeli nayo ni habari nyingine. Filta yake hutenganisha maji, ina skrubu ya kuyamwaga, na ukishaibadilisha lazima utoe hewa kwa pampu ya mkono, la sivyo injini haiwaki. Nayaacha hapo, kwa sababu sijawahi kuifanya kwa mikono yangu.

Spea nilinunua Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Nenda na filta ya zamani ukiweza, au na namba ya chasi. Usikubali maneno ya "hii inaingia tu." Linganisha nyuzi za skrubu, linganisha urefu, tazama kama kuna mshale wa kuonyesha petroli inaelekea wapi. Dai na washa zake mpya, zile pete laini za chuma zinazokaa pande zote mbili za bolti. Ukiambiwa za zamani zitafanya kazi, kataa. Washa iliyokwisha kubanwa imeshalala kwa umbo la mahali ilipokuwa, na hairudi ikaziba tena sawasawa. Pale ndipo petroli huvujia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae niandike.

Mara ya kwanza nilifanya kazi hii bila kutoa presha. Nilidhani gari likizimwa, petroli kwenye paipu imetulia kama maji ndani ya mtungi. Haikutulia. Gari la injekta, yaani lile linalopuliziwa petroli kwenye injini kwa presha, hutunza presha kwenye paipu hata baada ya kuzimwa, ndiyo sababu huwaka upesi asubuhi. Tairi zetu tunajaza upepo wa 30 hadi 35. Kwenye paipu ya petroli ya gari kama langu ni kama 40. Niliweka spana, nikazungusha nusu mzunguko, na petroli ikaruka kama maji ya mfereji uliopasuka. Ilinipiga shingoni na kwenye jicho la kushoto.

Hatua kama kumi hivi kutoka pale, jirani yetu alikuwa anachoma mandazi nje ya mlango wake, jiko la makaa likiwa limekolea. Nilimwona kwa jicho moja. Hakupiga kelele. Alishusha karai chini, akalishika jiko kwa kanga yake, akazunguka nalo nyuma ya nyumba, kisha akarudi mbio na kuniambia, "Usiguse kitu! Njoo kwa bomba!" Alinishika kichwa chini ya maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, mimi nataka kutoka yeye anakataa. Kisha akanisindikiza hadi kliniki. Jicho lilipona. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hausambai juu ukapotea, unatambaa chini sakafuni kama maji, na pale kwetu sakafu inateremka kuelekea mlangoni kwake. Kila nikipita pale nalikumbuka lile jiko.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa mahali pa wazi. Kama unakaa kwenye ploti, pita mlango kwa mlango uwaambie majirani: kwa saa moja hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna wa kuchomea vyuma. Watu huelewa ukiwaambia mapema na kwa heshima. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, na ndoo ya mchanga. Usijaribu kuuzima moto wa petroli kwa maji, maana petroli huelea juu yake na kwenda na moto kule maji yanakokwenda. Vaa miwani ya kukinga macho. Ya plastiki inayoona vizuri inatosha.

Fungua kifuniko cha tangi kwanza, utoe mvuke uliobanwa. Kisha ikate pampu umeme, ama kwa kuchomoa fyuzi au rilei yake, ama kwa kuchomoa plagi yake ya waya chini ya kiti cha nyuma. Washa gari. Litanguruma sekunde chache halafu litazima lenyewe, kwa kuwa linamaliza petroli iliyobaki kwenye paipu. Zungusha stata tena mara mbili hivi, kidogo kidogo, mpaka uone haliwaki kabisa. Zima, toa ufunguo, na ndipo ufungue waya wa hasi wa betri. Fuata mpangilio huo, maana ukianza na betri huna tena njia ya kuwasha gari, na presha itakungoja palepale.

Hata baada ya hapo petroli kidogo itadondoka. Weka beseni chini, zungushia kitambaa kwenye kiungo, na ulegeze polepole.

Kulegeza kwenyewe kunahitaji subira kuliko nguvu. Nilipulizia dawa ya kulegeza kutu jioni iliyotangulia nikaiacha ilale. Juu kuna bolti inayopita katikati ya kiungo cha paipu, na upande wa pili kuna nati iliyokaa kwenye paipu ya chuma inayotoka kwenye tangi. Hii nati ndiyo ya kuogopa. Tumia spana mbili kila mara, moja ishike filta isizunguke, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, filta inazunguka pamoja na paipu, na paipu ikijikunja umejiletea kazi ya wiki. Spana ya kawaida yenye mdomo wazi hula pembe za nati iliyoshika kutu. Azima ile spana ya nati za paipu, inayoikumbatia nati karibu pande zote. Mafundi wa breki huwa nayo.

Filta ya zamani ilipotoka, niliigeuza nikaimwaga kwa nyuma, kupitia upande petroli unapoingilia, ndani ya chupa ya kioo. Fanya hivyo na wewe, kwa sababu pale utaona gari lako limekuwa likinywa nini. Petroli ilitoka na rangi ya chai ya rangi. Nikaiacha dakika chache ikatuama. Chini kabisa kulikuwa na tope jekundu la kutu, laini kama unga wa wimbi, na juu ya tope matone ya maji, ya mviringo, yakiteleza huku na huku nilipoinamisha chupa. Maji hayo huingia kwa njia nyingi, na mara nyingi ni kwenye matangi ya vituo yenyewe baada ya mvua kubwa.

Usiitarajie filta ifanye isichoweza, hata hivyo. Inazuia kutu na uchafu. Mafuta ya taa haiyatenganishi. Serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu yake ilikuwa ule mchezo wa kuyachanganya na dizeli, na hakuna filta ya kukuokoa hapo zaidi ya kuchagua kituo unachokiamini. Na tuache kutembea siku nzima taa ya tangi ikiwaka. Petroli ndiyo inayoipoza pampu. Kutia ya mia tano mia tano kunaeleweka, hali ni ngumu, lakini jitahidi robo ya tangi ibaki.

Kurudisha ni kazi fupi. Mshale uelekee injini. Ile nati ya paipu ianzishe kwa vidole, mizunguko mitatu minne, kabla hujafunga filta kwenye kishikio chake, ili nyuzi zisipandane. Washa mpya moja kila upande wa kiungo. Kaza kwa spana mbili kama ulivyofungua, ikishika vizuri uache, usiininginie.

Rudisha fyuzi, rudisha betri, washa. Huenda ukazungusha stata mara mbili tatu kabla petroli haijafika. Gari likishika, usiondoke. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, upanguse chini ya kila kiungo injini ikiwa inanguruma, kisha uitazame na kuinusa. Jicho huweza kukosa unyevu mdogo, karatasi haikosi. Mwanga uwe wa tochi ya LED, si balbu ya kuning'inia, maana balbu ya moto ikidondokewa hupasuka. Petroli chafu usiimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia mtoni. Mimi niliipeleka gereji pamoja na vitambaa.

Nikaandika kilomita za siku hiyo kwenye filta kwa kalamu ya wino mzito, maana naibadilisha kila kilomita 40,000. Kesho yake alfajiri, kabla ya kuwasha, nilifungua boneti nikanusa, nikapangusa tena kwa karatasi. Ilikuwa kavu. Nikaingia Waiyaki Way na gia ya nne, na Kangemi nikapita nayo hiyo hiyo.