Charlemagne ni wa nani, Wafaransa au Wajerumani?

Wote mnaobishania huyu mfalme wa zamani mnakosea jamani, hakuwa Mfaransa wala Mjerumani, alikuwa Mfranki, yaani wa kabila la kale lililotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, hizo nchi mbili hazikuwepo bado. Papa Leo III alimvisha taji la ukaizari kule Roma Krismasi ya mwaka 800, akafa 814, halafu wajukuu zake wakaja kugawana himaya vipande vitatu kwenye mkataba wa Verdun 843, ndo Ufaransa na Ujerumani zikaanza kuchipuka hapo polepole. Ndo maana kila upande unamdai, na mji wa Aachen huko Ujerumani alikozikwa unatoa tuzo yenye jina lake tangu 1950 kwa watu wanaounganisha Ulaya. Ila huyo "baba wa Ulaya" aliwapiga Wasaksoni, kabila la kipagani la kaskazini mwa Ujerumani ya leo, miaka 30 na ushee mpaka wakabatizwa kwa lazima, sasa umoja huo sijui waulizwe wao.