Diski ya bakapu: chukua ndogo ya inchi 2.5

Ssebo unayeuliza diski gani ya nje ya bakapu (nakala ya akiba ya faili) nyumbani, mi ningechukua ile ndogo ya inchi 2.5, ya kampuni ya WD au Seagate, tera 2 (terabaiti, yaani nafasi ya kuhifadhi) zinatosha, inakula umeme wa waya wa USB kutoka laptopu tu, haina adapta ya ukutani so umeme ukikatika na huku Kampala unakatika tu, laptopu yenye chaji inaendelea kukopi. Zile "tera 16" za laki moja achana nazo kabisa, mi niliuziwa moja nikafungua nikakuta memori kadi imebandikwa gundi 😂 ukizidisha kidogo nafasi halisi ya hiyo kadi, faili zinaharibika kimyakimya. Ukinunua ipime kwanza na H2testw, programu ya kupima diski kwenye Windows, inaijaza yote halafu inasoma tena, inachukua masaa lakini vumilia. Picha za watoto weka diski mbili, moja ikae kwa shangazi Jinja.