Fimbo isiyotii mkono: wasomaji wanauliza kuhusu joistiki za simuleta ya ndege

SWALI: Shikamoo mhariri. Nina joistiki ya bei ya chini niliyonunua mtumba, huu mwaka wa tatu. Nikiiacha katikati, pua ya ndege inaruka juu ghafla kama imetekenywa. Nimeongeza eneo mfu (sehemu ya katikati ambayo simuleta haiitikii mkono) hadi asilimia 20. Kuruka kumepungua, lakini sasa kutua ndiko kumekuwa kugumu. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hilo eneo mfu ndilo linalokuharibia kutua. Tuseme fimbo yako inainama digrii 20 kila upande. Asilimia 20 yake ni digrii 4, yaani mkono unasogea digrii 4 nzima na ndege haina habari. Ukiwa unaikaribia njia ya kutua, karibu marekebisho yote unayohitaji yako ndani ya digrii hizo hizo. Unasukuma, kimya. Unasukuma tena, ndege inaitika kwa mkupuo, nawe umeshapitiliza. Rudisha eneo mfu hadi asilimia 2 au 3, kisha tuutafute ugonjwa wenyewe.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua fimbo yako, fungua "Properties", nenda "Settings", kisha "Calibrate". Kwenye hatua za mihimili (pande za mwendo wa fimbo: mbele-nyuma, kushoto-kulia) weka tiki penye "Display raw data" uone namba ghafi. Fimbo nyingi za daraja hilo huugawa mwendo katika hatua 1,024, kwa hiyo katikati husoma karibu na 512. Sasa iache bila kuigusa. Namba ikicheza hatua mbili tatu, ni kawaida. Ikitoka 512 ikaenda 560 ikarudi 505 na mkono wako uko magotini, ndani mna uchafu au uchakavu. Ikitulia kimya lakini kwenye 540, kifaa ni kizima, kinahitaji kusawazishwa tu. Na ikiruka hadi 0 au 1,023 kabisa, usihangaike na usafi: huo ni waya uliokatika nusu, na mara nyingi hukatika pale unapojikunja kila siku, shingoni mwa fimbo.

Kinachopima mwendo humo ndani ni potenshiometa, ndugu wa volyumu ya redio. Kijiti cha chuma kinateleza juu ya njia ya kaboni. Kwa kuwa fimbo hukaa katikati muda mwingi kuliko pengine popote, njia hiyo huliwa hapo hapo katikati, mahali unapohitaji usahihi zaidi. Tanga mna hewa ya chumvi juu ya vumbi, basi kutu hujiongeza.

Chomoa waya wa USB, geuza kitako, fungua skrubu. Piga picha ya nyaya kabla hujagusa chochote, na shika springi kubwa kwa kiganja unapotenganisha vipande, maana huruka. Juu ya kila volyumu, karibu na miguu yake mitatu, pana uwazi mdogo. Puliza humo kontakti klina (dawa ya kusafishia miunganiko ya umeme) iliyoandikwa kuwa salama kwa plastiki, mara mbili fupi, kisha zungusha kutoka mwisho hadi mwisho mara 30 au 40. Acha nusu saa ikauke ndipo urudishe umeme. Usitumie ile dawa ya kawaida ya kulegeza nati zilizoganda. Itafanya kazi siku mbili, kisha utando wake wa mafuta utakusanya vumbi jipya.

Baada ya kufunga, rudia kipimo, safari hii ukiisogeza fimbo polepole mno, kama sekunde kumi kutoka ukingo hadi ukingo. Namba zipande kwa mfuatano. Zikiruka palepale kila unapopita, kaboni imekwisha na hakuna dawa ya kupuliza itakayoirudisha. Pima ukinzani kati ya miguu miwili ya nje kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), ununue ya thamani hiyo hiyo, na uhakikishe imeandikwa B (mfano B10K) na si A. Yenye A ni ya sauti: ukinzani wake haupandi sawasawa, na ukiifunga kwenye fimbo ndege itakuwa nzito upande mmoja na kali upande wa pili. Fundi yeyote wa redio anaweza kuichomea. Mwambie tu aiweke ikiwa katikati ya mzunguko wake wakati fimbo imesimama wima.

SWALI: Kwangu fimbo inachelewa. Nainamisha kulia, ndege inafikiria kwanza ndipo inafuata. Natumia kompyuta ya kawaida na televisheni ya sebuleni. Ninunue fimbo ya bei kubwa? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Weka pesa mfukoni kwanza. Fungua joy.cpl kwenye televisheni hiyo hiyo, simuleta ikiwa imezimwa, utikise fimbo. Alama ya msalaba ikifuata mkono papo hapo, basi fimbo na televisheni hazina kosa, mzigo uko kwenye simuleta. Ikichelewa hata hapo, unganisha skrini ndogo ya kompyuta, ulinganishe.

Hesabu yake ni hii. Joistiki ya USB ya kawaida husomwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Hizo huwezi kuzihisi. Lakini simuleta inayochora picha 20 kwa sekunde hutumia milisekunde 50 kwa picha moja, na ukiwa umewasha "V-Sync" (mpangilio unaozifanya picha zisubiri zamu ya skrini) picha mbili tatu huweza kupanga foleni kabla hujaziona. Hapo umeshafika milisekunde 150. Televisheni nayo huchukua muda wake kulainisha mwendo na kupamba rangi. Anza na televisheni, kwa sababu ni bure: washa hali ya michezo, inayoandikwa "Game Mode", na uhakikishe inafanya kazi kwenye tundu lile lile la HDMI unalotumia. Kisha punguza mawingu na vivuli hadi upate picha 30 kwa sekunde zisizoyumba. 30 zilizotulia ni bora kwa mkono kuliko 45 zinazoanguka hadi 18 kila ukikaribia mji.

Ukiwa kwenye Microsoft Flight Simulator, angalia pia mstari wa "Reactivity" kwenye mipangilio ya fimbo. Ukiwa chini ya asilimia 100, simuleta inalainisha mkono wako kwa makusudi, na kulainisha ni kuchelewesha.

Jambo la mwisho hapa: kama ndege unayorusha ni jeti kubwa ya abiria, sehemu ya uzito huo ni ya kweli. Ndege ya tani 70 haigeuki kama bodaboda. Jaribu Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kabla ya kulaumu vifaa.

SWALI: Fimbo yangu ni mpya na namba zake zimetulia, ila ndege inapanda na kushuka kama mashua ya Nungwi. Siwezi kushika mwinuko mmoja. (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Una matatizo mawili: mkunjo (jinsi simuleta inavyogeuza mwendo wa mkono kuwa mwendo wa ndege), na trimu usiyoitumia (kirekebishi kinachoishikilia pua bila wewe kukaza mkono).

Fimbo ya mezani ni fupi. Milimita chache za mkono wako zingekuwa sentimita kadhaa kwenye usukani wa ndege halisi. Punguza ukali wa katikati: kwenye Microsoft Flight Simulator shusha "Sensitivity" ya mhimili wa pua hadi -30, ujaribu, uongeze kidogo kidogo. Usifike mbali sana. Kwenye mkunjo wa kipeo cha pili, kwa mfano, nusu ya fimbo hutoa robo tu ya mwendo, na robo ya fimbo hutoa moja ya kumi na sita. Katikati panakuwa laini mno, halafu ukingoni panakuwa pakali, na utashtuka siku ya upepo wa ubavu. Usiguse mhimili wa eleroni (wa kulaza ndege kushoto na kulia) mpaka wa pua ukae sawa.

Trimu sasa. Kwenye ndege halisi, trimu huhamisha pale ambapo usukani hautaki nguvu. Springi ya fimbo yako haihami, inarudi katikati ile ile daima. Kwa hiyo shika pua kwa mkono mpaka mwendo utulie (noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa, kwa Cessna 172 inayokuja kutua), kisha bonyeza trimu mara moja moja huku ukilegeza mkono kwa kiasi hicho hicho, hadi fimbo iwe wima na ndege ibaki ilipo. Wengi hubonyeza trimu huku wamekaza mkono, halafu wanaachia ghafla. Ndiyo mashua yako hiyo.

Kagua pia kama kuna padi ya michezo iliyochomekwa. Simuleta huweza kuipa mhimili ule ule bila kukuuliza, vifaa viwili vikagombea pua moja.

SWALI: Nasoma umeme. Nataka kutoa volyumu niweke sensa za Hall (zinazopima sumaku bila kugusana) na Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu). Nianze na nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Anza na bodi sahihi: Pro Micro au Leonardo, zenye chipu ya ATmega32U4 inayojitambulisha kwa kompyuta kama joistiki. Uno ya zamani (R3) haitakufaa, chipu yake kuu haina USB. Sensa iwe ya aina ya mstari, kama 49E, si ile ya kuwaka na kuzima. Ukiitazama upande wenye maandishi, miguu kutoka kushoto ni umeme wa volti 5, ardhi, na ishara. Bila sumaku ishara husoma karibu volti 2.5.

Weka sensa katikati ya sumaku mbili ndogo zinazotazamana kwa ncha tofauti, zizunguke pamoja na mhimili. Hadi digrii 30 kila upande mabadiliko ni karibu mstari mnyoofu. Tafuta umbali kwa multimita kabla ya kugundisha chochote. Sumaku zikiwa mbali, ishara itacheza volti 1 tu kati ya 5, nawe utapata hatua 205 hivi kati ya 1,024. Zikiwa karibu mno, sensa hushiba na namba hugota kabla fimbo haijafika mwisho. Tumia skrubu za plastiki au za shaba, kwani za chuma huupinda uga wa sumaku.

Kati ya mguu wa ishara na ardhi weka kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kwenye programu, chukua wastani wa usomaji 4, au 8 ikibidi. Usiende 64 kwa kutafuta utulivu: ukisoma mara moja kila milisekunde, wastani wa 64 unabeba namba za milisekunde 63 zilizopita, na utatuandikia tena kwamba fimbo inachelewa.