Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Duka Kikitoka Nje

Nauza juisi na viazi karai kando ya Barabara ya Lamu, hapa Malindi. Leseni yangu ya biashara ya mwaka huu nimeshailipia. Sasa nimetengenezesha kibao cha kukunja, nikitoe nje asubuhi na kukirudisha ndani magharibi. Leseni hiyo yatosha? — Muuza juisi, Malindi

Haitoshi, mama. Leseni inakuruhusu kuuza. Kusimamisha kitu mahali pa umma ni ruhusa nyingine. Udhibiti wa matangazo ya nje umewekwa mikononi mwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kwako wewe hiyo ni Kaunti ya Kilifi. Kibao kulala ndani usiku hakukisamehe.

Kabla ya kwenda ofisini, jua kwanza ardhi ni ya nani. Kama kati ya ukuta wako na njia ya miguu kuna nafasi iliyo ndani ya kiwanja, mwombe mwenye jengo akuruhusu ukiweke hapo. Ada huenda ukadaiwa bado, lakini hakuna atakayesema umeziba njia. Ikiwa ni lazima kitoke, uliza barabara hiyo iko chini ya nani: barabara kuu ya kwenda Mombasa ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, na za mjini huwa za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au za kaunti yenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 inataka idhini ya maandishi ya mamlaka husika kabla ya kusimamisha chochote kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara pamoja na kando zake. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wanalipa kaunti, wanakaa wametulia, kisha wenye barabara wanapita na kubeba vibao vyote, na risiti ya kaunti haiwasaidii kitu.

Ukienda, beba barua ya maombi, nakala ya kitambulisho na ya leseni, mchoro wa kibao wenye vipimo, na picha ya mahali penyewe ukiwa umechora kwa kalamu pale kitakaposimama na nafasi itakayobaki. Hiyo picha ndiyo inayofanya kazi. Ofisa asiyeona mahali atakwambia ungoje ukaguzi.

Ukitajiwa ada, omba uonyeshwe mstari wake katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Si ubishi; Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Lipa kwa njia rasmi, usimpe mtu pesa mkononi, na nakala ya risiti iweke dukani, si nyumbani.

Kuhusu vipimo, kibao cha upana wa sentimita 60 na urefu wa 90 kinatosha kabisa. Herufi za sentimita 5 husomeka bila taabu mtu akiwa mita 6, na mteja wa juisi hahitaji kukusoma kutoka ng'ambo ya mji. Ruhusa yako ikitaja kipimo cha njia, fuata hicho. Kama haikutaja, acha sentimita 120 zilizo wazi, na 150 pakiwa na msongamano. Pima kutoka ukingo wa kibao hadi kizuizi cha kwanza: nguzo ya stima, mtaro usio na kifuniko, pikipiki zinazoegeshwa hapo kila siku. Wengi hupima hadi ukingo wa lami, wakapata mita mbili za karatasi tu, ilhali mtu halisi amebakiwa na sentimita 70. Kaa mbali na kona pia, maana dereva wa tuktuk anayetoka kichochoroni lazima awaone wanaopita.

Nina duka la kanga na vikoi Usita wa Mui, Lamu. Majirani wameweka vibao mlangoni, nami nataka changu. Nifanyeje? — Mwenye duka, Lamu

Ushauri wetu, ndugu, ni usiweke kibao cha chini kabisa. Mtaa wenyewe hauna njia ya miguu iliyotengwa. Watu, mikokoteni na punda wote wanapita hapo hapo. Punda mwenye shogi zilizojaa mchanga hajui kukwepa. Shogi ikigonga kibao, kibao kinaangukia mtoto au kinamtisha mnyama, na lawama itakuwa yako. Vibao vya majirani havikupi ruhusa.

Tumia kibao kidogo cha mbao kinachoning'inia, juu kuliko kichwa cha mchukuzi aliyebeba mzigo. Tunapendekeza chini yake pabaki mita 2.5. Kwa kuwa Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, wapitie watu wa Makavazi ya Taifa pamoja na ofisi ya kaunti kabla fundi hajatoboa chochote. Msumari wa chuma ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupata kutu, kutu hufura, na lipu hubanduka vipande vipande. Mwambie fundi atumie parafujo za shaba au chuma kisichoshika kutu. Milango ya nakshi na baraza za watu ziachwe kama zilivyo.

Kibao changu huangushwa na upepo kila kusi ikivuma. Nimefunga jiwe mguuni, wapi! — Fundi wa simu, Malindi

Jiwe la mguu mmoja hukipinda tu. Kibao kitupu cha plaiwudi ya milimita 9, cha ukubwa tuliotaja, kina kilo 8 hivi, na kusi ya Aprili hadi Septemba hukipindua bila jasho. Funga ubao wa kuunganisha miguu ya kila upande, sentimita 10 kutoka ardhini, kisha laza juu yake mfuko wa turubai wenye mchanga kilo 10. Usichote mchanga wa ufuoni. Chumvi yake itakula bawaba. Miguu itanuke sentimita 50 hadi 60, na katikati pawe na mnyororo mfupi kila upande. Bila mnyororo miguu huteleza kwenye saruji laini mpaka kibao kikalala chali. Usikifunge kwenye nguzo ya stima.

Ubao ule wa chini una faida nyingine kubwa. Asiyeona anayetembea na fimbo huugusa mapema. Usipokuwapo, fimbo hupita kati ya miguu na mtu akajigonga paji la uso au kifua.

Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu, na vibao vinatusukuma barabarani. Tuna haki gani? — Mzazi, Malindi

Mnayo haki, na tunakuomba uidai. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Andika kwa kaunti, taja jina la mtaa na saa, tia picha yenye futi iliyotandazwa chini ikionyesha nafasi iliyobaki. Chini ya sentimita 90 kiti hakipiti salama. Jiji la Edinburgh, Uskoti, lilipiga marufuku vibao hivi mwaka 2018 baada ya malalamiko ya watu kama nyinyi, basi msione barua ni kazi bure.

Kibao kikichukuliwa? — Kinyozi, Lamu

Usinyang'anyane. Andika tarehe, saa, namba ya gari na ofisi, kisha omba hati ya kuonyesha kimechukuliwa. Siku hiyo hiyo peleka barua ya kuomba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinakupa haki hiyo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.

Msambazaji wa sigara amenipa kibao kizuri, bure. — Mwenye duka, Malindi

Mrudishie. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kutangaza sigara, na atakayekutwa nacho mlangoni ni wewe.