Kivuli kwanza, jua baadaye: kwa anayeanza kupiga picha Pwani

Ukianza kujifunza kupiga picha bila taa, somo la kwanza utakalokutana nalo mtandaoni ni lile la saa ya dhahabu: amka mapema, au subiri jua lishuke, ndipo upige. Somo ni zuri, ila wengi wanaolifundisha wanaishi mbali na ikweta. London mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa macho. Kwetu Unguja jua linafika kimo hicho saa moja tu baada ya kuchomoza, na linaendelea kupanda karibu wima. Ikifika saa nne na nusu asubuhi lishapita nyuzi 45. Ule mwanga wa chini ambao wenzetu wanakaa nao kutwa nzima wakati wa baridi, sisi tunaupata kwa saa moja hivi asubuhi na saa moja hivi jioni. Katikati yake ni jua la utosi. Na wateja, harusi, mikutano na biashara zote ziko humo katikati.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu: jifunze kivuli kwanza. Saa ya dhahabu utaijua tu, hata mtoto mwenye simu anaijua.

Jua linachora vivuli vikali kwa sababu, tunavyoliona angani, ni duara dogo sana. Chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo uliokatika. Saa sita mchana kivuli hicho kinaangukia machoni, chini ya pua na chini ya kidevu, na mtu mwenye sura nzuri anatoka na mashimo mawili mahali pa macho. Ukimwingiza kivulini, kinachomwangazia si jua tena, ni anga lote lililo mbele yake, na anga ni pana. Kivuli cha pua kinalainika mpaka hukioni. Ukielewa hilo, kwamba ulaini wa mwanga unatokana na upana wa kile kinachoangaza, umeelewa nusu ya kazi hii.

Lakini si kila kivuli kinafaa. Chini ya mwembe jua hupenya kati ya majani na kumwaga madoa usoni, na hakuna programu ya kusafisha itakayokuondolea madoa yale bila kuiharibu ngozi. Katikati ya ukumbi nako mwanga unakuwa umepooza, hauna upande, uso unatoka bapa. Unachotafuta ni ukingo wa kivuli: hatua moja au mbili ndani, uso ukitazama nje kwenye mwanga. Kibaraza, upenu wa duka, mlango mkubwa ulio wazi. Mlango hasa. Mkalishe mtu nyuma kidogo ya kizingiti, wewe simama nje bila kumzibia mwanga, na giza la ndani litafuta vyombo na waya na kila kitu kilicho nyuma yake. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea mwimo mmoja wa mlango. Shavu moja litabaki na mwanga, jingine litaanza kuzama, na sura itapata umbo. Tazama mboni za macho: ukiona ule mlango umejichora humo kama nukta nyeupe, piga. Usipouona, macho yatatoka yamelala.

Kama hujui umwelekeze wapi, nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, kisha zunguka mahali ulipo ukiitazama ngumi hiyo. Utaona vivuli vya vidole vikibadilika: upande mmoja vikali, mwingine laini, mwingine havipo kabisa. Mwanga ukikupendeza kwenye ngumi, hapo ndipo umsimamishe akikutazama. Ni bure, haichukui hata nusu dakika, na mteja hatajua unafanya nini.

Mwanga unarudi kutoka kila unapogonga, na unarudi na rangi ya ulipogonga. Mji Mkongwe kuta zilizopakwa chokaa hufanya vichochoro viwe na mwanga mtamu hata mchana: jua linapiga ukuta mmoja juu, linarudi limelainika kwa anayesimama upande wa pili. Wapiga picha wanaonunua rifleta, vile vibao vya kurudisha mwanga, za bei ghali wangeanza na ukuta huo, au na shuka jeupe linaloshikwa na msaidizi. Lakini ukuta wa kijani utampa bibi harusi shavu la kijani. Adui mkubwa zaidi ni turubai. Shughuli zetu nyingi zinafanyika chini ya maturubai ya buluu au mahema ya rangi, na mwanga unaopita humo unawageuza watu wote rangi moja. Usihangaike kurekebisha nyumbani kwenye kompyuta. Waombe wenye shughuli wakupe watu wachache kwa wakati, uwasogeze kwenye ukingo wa turubai wakitazama nje, ambako mwanga mweupe unawafikia usoni. Na ukumbini, ukiwa na dirisha zuri, zima taa za balbu zilizo karibu. Njano ya balbu na weupe wa mchana havikai pamoja kwenye uso mmoja.

Sasa ngozi. Kamera haijui inatazama nini. Inajaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, au aliyevaa kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Mbele ya ukuta mweusi inafanya kinyume: inaongeza, na ngozi inatoka kijivujivu, haina uhai. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, kisha buruta kidole juu au chini mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Kwenye kamera, pima mwanga usoni, si kwenye picha nzima. Kuna picha ambazo kanzu na uso havikubaliani, ukiokoa kimoja unapoteza kingine, na hiyo kwa kawaida ni dalili kwamba bado umemsimamisha juani. Mrudishe kivulini, tofauti itapungua yenyewe. Tena ngozi yetu ina neema ambayo wengi wanaoanza hawaitumii: inang'aa. Mwanga wa ubavuni unaacha mstari wa mng'ao kwenye shavu na kwenye bega, na mstari huo ndio unaoonyesha umbo. Usiufute wote kwa poda. Na ile sehemu ya simu inayolainisha na kung'arisha uso, izime kabla hujaanza. Mimi naiona ni matusi kwa mteja.

Kitu ambacho nadra kukisikia: kivuli kinahama na msimu. Katika latitudo ya Zanzibar na Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba kibaraza kinachotazama kusini kina kivuli kutwa nzima mwezi wa Juni, na Desemba kinapigwa jua asubuhi hadi jioni. Mahali ulipopapenda wakati wa kusi panaweza kukuangusha wakati wa kaskazi. Kabla ya kumpa mteja miadi, nenda ukapatazame, saa ileile utakayopiga. Masika nayo wengi wanaikimbia, nami naipenda. Wingu zito linaligeuza anga lote kuwa dirisha moja, na rangi za kanga zinatoka zimekolea kuliko siku ya jua.

Zipo kazi ambazo hazikupi nafasi ya kuchagua saa. Ukitaka kuwapiga picha akina mama wa mwani Paje au Jambiani, anayepanga ni bahari. Wakati wa bamvua maji hukauka zaidi mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa kali. Huwezi kuwaambia wasubiri alasiri. Alasiri maji yamejaa na mashamba yamefunikwa. Lakini tazama chini: mchanga ule ni mweupe na maji ni ya kina cha vifundo, vyote vinarudisha mwanga juu. Mama aliyevaa kofia pana anainama kufunga mbegu, kofia inamkinga na jua la juu, mchanga unamwangazia uso kutoka chini. Inama nawe, piga kutoka chini ya usawa wa ukingo wa kofia. Na kabla ya yote hayo, salimia, omba ruhusa, na akikataa, ondoka. Huku kumpiga mwanamke picha bila idhini ni ugomvi, na ni haki yake kugomba.

Ukitaka mfano wa kuutazama kwa makini, tafuta picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, na nyingi ya picha zake alizipiga uani, kwa mwanga wa mchana, mteja akiwa mbele ya kitambaa kilichotundikwa ukutani. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Uani huo huo, miaka nenda miaka rudi. Ukizitazama nyingi pamoja utaona jinsi mtu anavyoufahamu mwanga wa mahali pamoja. Fanya hivyo nawe. Chagua mlango mmoja nyumbani, mtu mmoja mvumilivu, umpige asubuhi, adhuhuri na alasiri bila kubadilisha kitu kingine. Mnaouza vyakula au madira mtandaoni mambo yenu ni rahisi zaidi: meza kando ya dirisha, mwanga utoke ubavuni au nyuma kidogo ya sahani, shuka jeupe upande wa pili. Na mfute lenzi ya simu kwanza, jasho na chumvi ya bahari vimeharibu picha nyingi kuliko jua.

Saa ya dhahabu nimeiacha mwisho. Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo pale Forodhani jua huzama baharini. Watu husimama wakiipa bahari mgongo, jua likiwa nyuma yao, wakashangaa kutoka weusi tititi. Kwa vijana wanaojirusha majini hiyo ni faida, maumbo yao ndiyo picha. Kwa maharusi, hamia wewe ukingoni mwa maji, waache watazame magharibi, na rangi yote itawaangukia. Dakika zenyewe zinakwisha haraka, tena zinakwisha na adhana ya magharibi, hapo bwana harusi na wazee wanaelekea msikitini na hakuna atakayekusubiri. Kwa hiyo nikaha ikiwa baada ya alasiri, zungumza mapema na mwenye kushika ratiba, uombe upewe maharusi saa kumi na moja na nusu. Ukiambiwa ni saa kumi na mbili, mwonyeshe kwenye simu jua linazama saa ngapi siku hiyo.