Kumuacha bosi aliyekufundisha kazi sio usaliti

Mdogo wangu pole, nimekuelewa, bosi wa duka la spea alikuchukua hujui kazi akakufundisha, sasa umepata sehemu yenye mshahara mzuri unajiona msaliti. Husaliti mtu. Ulichokuwa unadaiwa ni kazi safi na uaminifu kwenye hela na mali yake, na umempa, tena na zile jioni za kuhesabu stoki mpaka saa tatu usiku bila ovataimu. Mshukuru kwa moyo wote ila fadhila sio mkataba wa maisha.

Kilichoniuma mimi ni hiyo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania. Yani slipu inaonyesha anakukata 10% kila mwezi, ukicheki akaunti yako hamna kitu, halafu wewe ndo unakosa usingizi? Hiyo ni hela yako ya uzeeni na yeye alitakiwa aongezee ya kwake ifike 20%. Hapo aliyevunja uaminifu ni yeye.

Ila usitoroke. Unalipwa kwa mwezi, kwahiyo sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa maandishi, weka sababu na tarehe, ukikimbia anaweza kukukata hela kwenye malipo yako. Kabidhi funguo na daftari la madeni mbele ya mtu, na namba za wateja wake usizibebe, hilo nakuomba kabisa. Dai hela ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi, michango asipoipeleka beba slipu zote nenda ofisi za NSSF kabla hujaanza kazi mpya.